Baiskeli Haimo

Mkaguzi akipanda Kyarumba huja na viatu safi,
hushuka na udongo wa watu wote.
Safari hii amekalia debe langu,
daftari gotini, kalamu inanisubiri.

"Mbolea, Mama Baluku?"
Samadi ya mbuzi, namwambia.
Imelala chini ya majani ya migomba tangu Pasaka,
nimeigeuza mara nne, imenichoma mkono mara moja.
Ile ya kuku wa mjini niliikataa.
Thembo aliileta kwa pikipiki, magunia sita, bei ya kutupa.
Nikamuuliza kuku hao wanalala wapi, wanatibiwa kwa nini,
akasema: "Shangazi, unaposa kuku au unanunua mavi?"
Nilicheka. Magunia yakarudi yalikotoka.

"Jivu?"
La jikoni. Mkaratusi na matawi ya mibuni.
La seremala lina rangi ndani yake,
kijani cha milango;
sitaki mlango wa mtu uote kwenye kahawa yangu.

"Bomba la kupulizia?"
Hapo nikakohoa.
Bomba ni la Muhindo, jirani, mtu mwema,
aliniazima kutu ilipoingia majani.
Nililiosha mara tatu, nikalinusa,
nikalinusa tena. Harufu ya dawa ya magugu
ilikuwa hata kwenye mkanda.
Nikamrudishia likiwa kavu.
Mistari miwili ikapukutika huku naitazama.
Andika na hiyo: miwili, upande wa mto.

Akaandika. Sikuuliza alichoandika.

"Na kipekecha shina, umemuua kwa dawa gani?"
Nikaingia ndani, nikamletea
spoku ya baiskeli ya marehemu,
ncha imepinda kidogo, imenolewa kwenye jiwe.
Unatafuta unga mpya shinani, unaingiza, unanyamaza.
Ikigusa kitu laini, mkono unajua.

Akafunua orodha ya vilivyoruhusiwa,
ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikitembea:
chokaa, mwarobaini, shaba kwa kipimo.
Baiskeli haimo.
Haimo pia katika vilivyokatazwa.
Akaigeuza spoku juani, akaipima kwa shubiri,
kisha akauliza, sauti imeshuka,
magurudumu mawili yalikuwa nazo ngapi.

Sabini na mbili, nikamwambia.
Zimebaki sitini na moja.
Nyingine zimekatikia ndani ya miti.