Ukuta wa Shimanzi

Mimi ndiye wa daftari, langoni, ghala la Shimanzi.
Safu tatu nimezipiga kwa rula: lori, tuktuk, pikipiki.
Kila kitokacho kina safu yake,
kila safu ina benchi lake la chai,
na ole wako ukikosea benchi.

Wa malori hunywa ya maziwa, vikombe vya bati,
miguu wameitanua kama wenye shamba.
Vijana wa pikipiki huwaita mbu.
Mbu nao hunywa ya rangi, wima, helmeti mkononi,
na wazee wa malori huwaita makabati.
Wa tuktuk ni popo:
ndege wamkana, mnyama wamkana,
hula mahamri yao kando ya tangi la maji.

Vita vyao ni vya chaki.
Ukuta wa nyuma, penye rangi iliyobambuka,
Musembi, miaka ishirini na sita kwenye usukani,
Mkamba aliyejifunza mizani akingoja foleni Likoni,
aliandika:

*Mimi nabeba bandari, wewe wabeba bahasha,*
*Wajiita u hodari, upepo wakuyumbisha.*

Adhuhuri haijaadhiniwa, Lali wa Majengo amejibu,
mwandiko wa mbio, injini hajaizima:

*Kibokoni hutopita, wabaki kupiga honi,*
*Mie chai nishapata, na mzigo u nyumbani.*

Watu wa tuktuk hawana mizani.
Shee aliandika chini yake, herufi kubwa:
NA JOKOFU LA BI KHUZAIMA ALIPELEKA NANI?
Hakujibiwa.

Ikaja ile Jumanne ya mvua.
Kibarani maji yamemeza barabara, mashimo hayajulikani,
na Lali, na bahasha zake kumi na moja,
akaingia moja lao.
Nasimulia nilivyosimuliwa. Mimi nilikuwa langoni
na mwavuli uliovunjika mbavu.
Nyuma yake lori letu.
Nyuma ya lori letu trela la saruji, halina subira.
Musembi hakupiga honi.
Alilikata lori mshazari, akaziba njia zote,
akashuka, maji magotini,
akamwinua yule mbu
kama ainuavyo gunia analolijua bei.
Muundi ulikuwa umekwisha kuvunjika, hauhitaji daktari kusema.
Shee ndiye aliyempakia, akapita juu ya ukingo,
pasipopita lori, pasipolala mgonjwa kwenye pikipiki.
Bahasha zilibaki juu ya dashibodi zikikauka.

Askari wakalifunga lori mnyororo. Kosa: kuziba barabara.
Ndani yake katoni sabini na nne za Mtwapa.

Saa kumi zikatoka pikipiki kumi na tisa.
Sikuzituma.
Zilirudi usiku, sahihi za wateja zimelowa,
katoni nne nne kila mtu,
isipokuwa Dzombo, aliyebeba mbili tu,
na ndiye aliyedai petroli. Nikampa.

Sikujua niandike safu gani.
Niliandika katikati, wino ukaruka mistari yangu yote miwili,
na meneja hadi leo hajaniuliza.

Jumatano mabenchi yalikuwa yale yale.
Ya maziwa huku, ya rangi kule.
"Mbu hao." "Makabati hayo."
Ila ukutani, chaki mpya, mstari mmoja:

*Guu lako likipona, urudi tutukanane,*

na chini yake Musembi ameacha nafasi
ya mstari wa pili.
Hajaigusa mtu. Hata Shee.
Bawabu, afutaye ukuta kila Ijumaa,
huzungusha kitambaa chake pembeni.

Wiki ya sita leo.
Nasikia Lali anatembea kwa gongo,
kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani,
midomo inamcheza,
anatafuta kina cha *-ne*.