Tuiharibu Vipi?

Usiku wa kuamkia harusi ya binti wa Shekue,
katika ua wa nyumba moja ya Kuze, vitunguu magunia mawili,
macho mekundu, nusu kwa vitunguu, nusu kwa usingizi,
Zuwena alipangusa kisu kwenye leso, akauliza:
"Haya. Harusi hii tuiharibu vipi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Huyu ni Zuwena aliyeachika mara mbili,
asiyejua mkono wa kushoto hadi atazame bangili,
ambaye ukimuuliza bei ya mchele hukutajia ya mwaka juzi.
Lakini miaka kumi na minane ya kupikia watu
hajaunguza sufuria.

"Semeni. Mimi ndiye hasidi. Nataka wageni waondoke na njaa,
watuseme hadi Lamu. Nianzie wapi?"

Kuni mbichi, alisema Mwanakombo, kwa aibu kwanza.
Nyama ije saa nne badala ya alfajiri.
Barafu inunuliwe Likoni, feri ikwame,
ifike kwetu maji ya kunawa.
Ufunguo wa stoo apewe Bakathiri!
Hapo ua mzima uliangua kicheko,
kwani Bakathiri alikuwa kasimama mlangoni,
na mwenyewe akaanza kujipapasa mifuko.

Kwa kila jibu Zuwena alifunga fundo kwenye pindo la leso.
Mafundo tisa.
Kisha akalala, fofofo, kichwa juu ya gunia la mchele.
Sisi ndio tuliokesha tukiyafungua:
huyu anapasua ukuni atazame moyo wake,
yule anamgongea mchinjaji dirisha usiku wa manane,
na ufunguo tukamvisha Zuwena shingoni, usingizini, kama hirizi.

Biriani ilikuwaje, sikumbuki.
Watu walikula, wakanyamaza, wakaenda zao.

Swali lake nimelitumia kwa mambo madogo.
Tangi likivuja sitafuti palipovuja,
natafuta palipo pakavu, nafuata ukavu hadi uishe.
Nikitaka kuchelewa zamu ya hospitali pale Makadara
basi nipige pasi saa kumi na moja alfajiri, umeme ukatike.
Kwa hiyo napiga pasi usiku.
Ni hayo tu. Sikudhani lina meno.

Mdogo wangu Twaha hajanipigia simu tangu arubaini ya mama.
Miaka miwili nimeuliza: nimrudishe vipi?
Dari ilinisikiliza. Dari haina la kusema.
Jana, nguo ziko kambani, mikono ina sabuni,
nikaligeuza:
nikitaka Twaha asikanyage hapa maisha, nifanyeje?

Leso ilikuwa begani.

Nishike cherehani ya mama, nami hata uzi sijui kuutia.
Nimwambie, mbele ya mkewe, kwamba mama alimuuguza kwa simu.
Salamu zake nizipokee kwa watoto, nizirudishe kwa watoto.
Idi nimhesabie sahani, nisimwite,
kisha nihesabu sahani iliyobaki kuwa ushahidi.
Na kwa majirani niseme, kila mara, kwa upole:
mlango uko wazi.

Pindo likaisha.
Nikalitazama. Kila fundo, mkono wangu.
Kazi safi. Hasidi wa kukodiwa asingeweza.

Leo asubuhi nimemwita kijana wa mkokoteni.
Cherehani ni chuma tupu, na ngazi zetu hizi za Kibokoni
zilijengwa na watu walioamini hakuna kitakachotoka.
Kitu kizito hakiteremshwi kwa kutazama mbele.
Kijana ameshika juu, mimi chini,
mgongo wangu umeelekea mlango,
kisigino kinapapasa daraja, kinaipata, kinapapasa nyingine.
"Tumefika, dada?"
"Bado."
"Sasa?"
"Bado, usiniharakishe,"
hadi kisigino kikagusa saruji ya uchochoro,
yenye joto tayari, saa mbili hii.