Bunju, Nusu Siku

Miaka kumi na tisa naishi Bunju B.
Nimejenga, nimechimba kisima, nimezika mbwa wawili,
na juzi binti yangu Siwema, darasa la tatu,
akainua kichwa kwenye daftari:
"Baba, bunju ni nini?"
Nikamwambia ni hapa. Ni kwetu. Andika hivyo.
Daftari likarudi na kosa jekundu.

Ndiyo maana Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro,
nimesimama Kunduchi na watu wanne nisiowajua.
Tumechangia boti moja, injini moja, choo hakuna,
elfu hamsini kila kichwa, mwisho saa sita.
Tunagawana chambo kama ndugu kwenye mirathi,
bila kutazamana usoni.

Kiongozi wetu Mwanahawa Pazi, filimbi shingoni:
"Changu na kolekole nendeni Feri mkanunue.
Hapa tunatafuta wale ambao mvuvi akiwavua
hutukana, akawatupa.
Lowanisha mkono kabla hujamgusa.
Ndoo, mtazame, arudi kwake.
Na atakayefanya utani wa majina ya samaki
atanunua soda boti nzima."

Hilo la mwisho hatukulielewa mpaka saa mbili,
ndoano ya Bhoke, mkunga wa hospitali ya Mwananyamala,
ilipoingia mwambani ikatoka na kamba ya misuli,
madoa, meno, mdomo wazi:
mkunga.
Kimya. Kila mtu anameza neno lake.
Bhoke mwenyewe ndiye aliyeshindwa:
"Katanguliza kichwa. Vizuri."
Soda saba.

Nsajigwa, fundi wa umeme, alivuta taa
na hakusema kitu,
ila shavu lilimcheza mpaka tukageuka pembeni.
Farzana akapata kikande, samaki aliyepakwa rangi
na fundi ambaye hakuna aliyemwambia basi.
Mimi, mwani.
Mwani tena.
Kisha mfuniko wa ndoo, ambao Mwanahawa
aliutazama kwa heshima ileile, akauweka chini ya benchi.

Saa tano na robo, yule kijana Ndekirwa,
ambaye tangu asubuhi hajatoa hata chafya,
akauliza bila kugeuka:
"Nani alisema anakaa Bunju?"

Mdogo kuliko ngumi ya Siwema.
Macho yamekaa pembeni kama ya mwalimu wa zamu.
Nikalowanisha viganja, nikampokea.
Akameza hewa. Akavimba,
akavimba kama mwenye nyumba tarehe moja,
vimiiba vikasimama, meno yakasagana, kre, kre.
"Usimpende sana," Mwanahawa akasema,
"ndani ana sumu ya kumaliza ukoo."

Nilitaka kumweleza.
Kwamba bili yangu ya maji ina jina lake,
kwamba nimeliandika kwenye fomu za benki, za zahanati,
za kumwandikisha mtoto shule,
nikidhani ni jina la udongo tu,
kumbe lina mapigo, na yanagonga kidole changu cha gumba.
Sikusema. Watu walikuwa wananitazama,
na dakika za nusu siku ni za kulipia.

Nilimshusha. Akaelea tumbo juu,
mpira wa watoto walioitwa kula.
Nikadhani nimemuua.
Hasira za mkizi tunajua zinamfurahisha nani;
hizi hazikumnufaisha mtu.
Kisha akaanza kutoa hewa, kidogo, kidogo,
kama aliyejiandaa kwa ugomvi
akakuta wenzake wameshaondoka,
akapinduka, akazama na shughuli zake.

Ufukweni hatukupeana namba.
Bhoke alinunua soda, Ndekirwa akachukua yake
akaondoka na chupa, mwenye duka akimwita.

Nyumbani Siwema alikuwa mezani.
"Ni samaki," nikamwambia,
nikajaza mashavu hewa, nikatumbua macho,
nikasaga meno mpaka mama yake akatoka jikoni
kuona nani amekabwa.
Siwema alinitazama kwa makini, akafuta, akaandika.
Kisha, bila kuinua kichwa:

"Na Boko?"