Mizani ya Wilson

Kilo kumi na tano, si zaidi. Ndege ni ndogo,
na mimi, Karimi, ndiye ninayesoma mshale.
Wanaenda Nanyuki na viatu vipya,
wanarudi wamebabuka pua, wananuka moshi wa kuni.

Leo mmoja, akiunganisha safari ya Lamu,
begi lilizidi. Alipekua, akapekua,
akatoa jiwe jeusi la mlimani
akaliacha mezani pangu kama chenji.

Nilizaliwa Chogoria.
Mawe kama hili tulikuwa tukimtupia ng'ombe wa jirani.
Miaka kumi na minne hapa: sijapanda mlima, sijapanda ndege.

Foleni ilipokwisha nikaliweka kwenye mizani.
Mshale haukufika hata kilo.

Sasa linabana risiti
kila injini inapowashwa.