Uzito wa Bustani

Walinituma kupima.
Si uzuri, si kumbukumbu: kilo.
Reli juu ya nguzo, nyuma ya viwanda vya pamba vya Manchester,
miaka hamsini haijaonja gurudumu,
na halmashauri ya jiji inauliza, bila kutabasamu:
daraja lililobeba makaa usiku na mchana
litaweza kubeba maua?

Msicheke. Udongo mkavu ni mwongo.
Ukishanyweshwa mvua, na mvua ya hapa haina adabu,
huja bila hodi, huondoka bila kuaga,
mita moja ya mraba hulemea kama ng'ombe aliyelala.
Treni ni mzigo unaopita.
Bustani ni mzigo unaokaa.
Nikaandika: udongo usizidi magoti.
Nikaandika: miti ipandwe juu ya nguzo tu,
kila mti usimame kwa mguu wa chuma.
Wachoraji wakanuna. Walitaka msitu.

Na msitu ulikuwapo!
Siku ya kwanza, Agosti, nimepanda na nyundo yangu ya kugongea ribiti,
nikakuta vichaka wanavyoviita badleya vimenifika begani,
zambarau tupu, vinanuka asali,
vipepeo wamelewa mchana kweupe.
Hakuna aliyevipanda.
Mbegu zilidandia upepo wa treni za mwisho
zikashuka pasipo stesheni, bila tiketi,
zikala kokoto na masizi, zikanawiri.
Mizizi ilikuwa inafungua matofali
taratibu, kama mwizi mwenye subira,
kwa hiyo nikatia sahihi: ving'olewe.
Malori kumi na manne.
Mwaka uliofuata, katika ankara ya kitalu, ukurasa wa tatu,
nikasoma: badleya, miche sitini, na bei yake.
Nikatia sahihi hapo pia.

Bwana Cuthbert Entwistle, ghorofa ya tatu,
dirisha la jikoni mita nne kutoka ukingo wa daraja.
Nilikwenda kumweleza habari za vumbi.
Akanimiminia chai, akaniona natazama rafu:
vikombe sita, kila kimoja mbali na mwenzake,
kama watu waliogombana.
"Mama ndiye aliyevipanga hivyo," akasema,
"ili treni ikipita visigongane."
Mama amekufa, treni imekufa,
vikombe bado vinaacha nafasi ya kutetemeka.
"Treni ilikuwa jirani mwenye kelele," akasema,
"lakini haikuchungulia."
Nilifungua daftari. Halikuwa na safu ya jambo hilo.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na tarumbeta, utepe, hotuba,
watoto wakikimbia mahali ambapo babu zao
wangepigwa viboko kwa kukanyaga.
Mimi nilikuwa chini, kwenye baridi ya nguzo ya saba,
macho kwenye kipimo.
Watu elfu mbili.
Daraja likainama milimita tatu, likatulia.
Nilipotazama juu, pazia la Entwistle lilikuwa limefungwa.
Likabaki hivyo hadi majani ya kwanza kudondoka.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
mimi nilijua namba zote
na sikujua usufi ule una uzito gani ukilowa.

Oktoba nilirudi kukagua mifereji.
Saa kumi na mbili na dakika kumi,
mwanamke mwenye viatu vyekundu akapita mbio,
na kule dirishani mzee akaangalia saa yake ya mkononi,
akaisogeza dakika moja mbele.
Pazia wazi. Tai shingoni.
Ameketi ubavu kwa kioo, kofia magotini,
mfano wa abiria aliyepata kiti kizuri,
na sisi wote, na mbwa wetu, na miche yetu ya bei,
tukipita.

Aliniita kwa kidole. Nikapanda ngazi.
Chai ileile, rafu ileile.
Nikahesabu, ndiyo kazi yangu:
vikombe vinne vimegusana.
Viwili bado vina mashaka.