Lambo la Sekinyaga

Ukiuliza ziwa, hapa watakuonyesha.
Ukiuliza lambo, watakuonyesha hilohilo,
ila kidole kitakuwa cha mtu mwingine.

Urefu wake ni hatua mia sita na kumi,
nimezihesabu kwa mabuti ya mpira, kutoka tutani hadi kwenye matete.
Upana hauna hesabu ya kudumu:
Machi linapanda hadi kwenye kamba ya nguo ya mwalimu Luhwavi,
Oktoba linarudi kinyumenyume kama mdaiwa.
Umbo lake ni la jani la chai.
Hapana. Jani la chai ni maneno ya wauza viwanja.
Ni la figo, tena figo ya mbuzi mdogo.

Kazi yangu ni kusoma ubao wa kina.
Saa kumi na mbili, ukungu wa Mufindi ungali umelalia maji,
napangusa umande kwenye tarakimu
naandika katika daftari la kamati:
*Mita tatu, nukta nne. Baridi. Bata wawili.*
Bata si kazi yangu. Nawaandika tu.

Kabla ya tuta kulikuwa na kijito,
na kandokando ya kijito vinyungu:
mahindi mabichi ya Septemba, wakati mlimani ni vumbi tupu,
maharage, majani ya maboga,
na kichaka cha mianzi alichogema Sekinyaga,
ulanzi wake ukiwapeleka watu makwao kwa njia ndefu.

Kampuni ya chai ikaja na kioo cha miguu mitatu.
Vigingi vyekundu katikati ya maharage.
Sekinyaga akaving'oa, akapikia.
Wakapigilia vingine. Navyo akapikia.
Mara ya tatu walileta shilingi thelathini na blanketi.
Blanketi lilidumu.

Udongo wa mfinyanzi ulikanyagwa na ng'ombe kumi na wanaume arobaini,
wakizunguka, wakirudi, wakizunguka,
hadi ukawa mgumu usiopitisha hata neno.
Baba yangu alikuwa wa nane kwenye mstari.
Kisigino chake kimo humo, mahali fulani
kati ya jiwe la msingi na bomba la kufungulia.

Masika mawili, likajaa.
Ndipo nyumba zikapangwa kama vyeo:
meneja juu, mwenye dohani na waridi,
makarani ubavuni, wanyapara penye upepo,
na sisi wachuma chai chini ya tuta.
Tulilala na ziwa juu ya vichwa vyetu.
Mvua ikizidi, mama alituvika viatu kitandani.

Kampuni iliondoka bila kuaga; mabati yakaaga baadaye, usiku.
Sasa ni viwanja, vina namba, vina majiko ya kuchomea nyama,
na wenyewe huja Desemba wakasema hewa, jamani, hewa!
Kwenye mkaratusi pana kibao:
Usifue. Usivue. Usilime ndani ya mita sitini.

Mwaka ule wa ukame maji yalishuka
hadi nikawa nasoma tarakimu nisizowahi kuziona,
zilizopakwa rangi na mtu aliyekwisha kufa.
Na tope lilipokauka, yakatokea matuta.
Matano, yamenyooka, yamelala sambamba,
na mwishoni visiki vyeusi vya mianzi.

Twilumba alikuja kwa basi kutoka Mafinga,
mjukuu, mshona sare za shule, uzi ungali kwenye sweta.
Hakulia. Aliyapima kwa nyayo, akacheka kidogo,
akasema, "Kumbe bibi alikuwa na hatua fupi."
Kisha akatoa kifundo cha leso.

Kibao nilikuwa nimekipa mgongo.
Katibu aliniuliza; nikamjibu kwamba mimi husoma maji.

*Sifuri, nukta tisa. Upepo wa kusini.*
*Sifuri, nukta nane.*
*Sifuri, nukta nane. Maharage, majani mawili mawili.*