Kabichi za Alhamisi

Usinipe kisu mkononi, Shija.
Kiweke mezani, nitakichukua mwenyewe.
Siyo uchawi, wala sisemi tutagombana;
mikono yangu ina maji ya kabichi
na yako inatetemeka, siku ya kwanza kazini.

Magunia manne. Wanafunzi mia tano na kitu.
Kengele ya saa saba haibembelezeki.
Hata hivyo kaa kwanza. Kisu hakina haraka,
haraka ni yetu,
na deni lake hulipwa kwa kidole.

Hiki kirefu kilifuliwa Ng'ambo,
kwa springi ya lori la tumbaku lililofia njia ya Sikonge.
Mhunzi alinipima kiganja kabla ya kuchonga mpini
kama fundi viatu anavyopima mguu.
Kila alfajiri nakipitisha kwenye jiwe, huku na huku,
kisha nakijaribu kwenye ngozi ya nyanya:
kikizama bila kusukumwa, tunaanza.
Kikiteleza, narudi jiweni.

Watu huogopa kisu kikali. Mimi naogopa butu.
Kikali kinakwenda ulikokituma.
Butu ukikilazimisha kinanuna,
kinatafuta nyama ya karibu,
na nyama ya karibu ni wewe.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hapa nyama ni Jumapili, vipande viwili kwa sahani.
Siku sita ukali wote unaishia kwenye majani.

Haya, kabichi. Ipasue katikati,
ilaze upande bapa, itulie.
Kinachobingirika hakikatwi, kinatulizwa.
Vidole vikunje ndani, kucha zifichame
kama za paka anayelala,
kifundo kiwe ukuta, kisu kitembee kikiuegemea.

Mama yangu hakukata hivi.
Mchicha aliukatia hewani, ndani ya ngumi,
kisu kikija kulifuata dole gumba,
chwa, chwa, chwa,
huku anasimulia ya msibani Isevya
na kumtazama mgeni usoni.
Hajawahi kujikata, tulikuwa tukijisifia.
Dole gumba lake lilikuwa na mistari kama daftari.
Na mimi nilikata hivyo hivyo miaka kumi na tisa.

Unaangalia kidole changu.
Angalia tu, wote huangalia.
Wanafunzi wanasema fisi.
Mwalimu wa zamu anasema mashine ya kusaga,
na sijamkatalia; mashine ina heshima.

Kilikuwa kisu cha vitunguu, Shija.
Kidogo, butu, kina kutu,
mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli.
Umeme ukakatika. Kikanitoka mkononi.
Nawe utaambiwa popote, hata mimi nakuambia leo:
kisu kinachoanguka hakidakwi.
Rudisha miguu, nyoosha mikono pembeni,
kiache kipige sakafu, kipinde ncha kikitaka.
Ncha inanyooshwa.

Mimi nilikidaka.
Gizani, kwa kiganja chote,
kwa sababu chini ya meza Kabula alikuwa anatambaa,
nilikuwa namsikia anachezea maganda.

Kidonda kikachafuka. Wiki ya pili
Kitete wakaondoa pingili moja.
Yeye sasa anafundisha hesabu Urambo,
ana mwanya kama wangu, anakuja Krismasi.
Anajua ni mashine.

Kwa hiyo usinifuate nilivyofanya, fuata ninavyosema.
Kikikuponyoka, ruka nyuma.
Usikizamishe kwenye beseni la povu
mwenzio akaja kukitafuta kwa vidole.
Usielekeze kwa kisu unapobisha,
nami najua utabisha, una macho ya kubisha.

Na usihofu, chini ya meza hakuna mtoto.
Nimeshaangalia.
Huwa naangalia kila siku, kabla hata ya jiwe.

Lete gunia la kwanza.
Kamba ifungue kwa mkono.